Shumbi na Mfuto

Miaka kumi na miwili napimia watu maharagwe.
Najua gorogoro la shumbi, najua la mfuto,
najua na lile lililobonyezwa tako kwa nyundo
ili muuzaji alale na robo kilo ya mwenzake.
Kibuye nzima hakuna kipimo cha kunidanganya.

Siku ile kliniki nikapimwa mimi.
"Vua viatu, Mama," akasema Sista Mulusa.
Nikavua viatu. Nikavua leso. Nikavua saa,
nikabaki nikitafuta kingine cha kuvua.
Mshale ukapanda kama mwizi arukaye ukuta:
kilo mia moja na nne,
mimba ya wiki kumi na nne.
Foleni ilinyamaza kunisaidia kusoma.

Hakunitukana. Heri angenitukana,
ningejua la kujibu, mimi ni mtu wa soko.
Alinipa daftari la miraba.
"Andika unachokula. Tembea nusu saa kila siku.
Mtoto huanza kuweka mafuta humo humo tumboni,
nasi tunataka kujua yanatoka wapi."

Yanatoka wapi!
Yanatoka kwa Min Odeny, mama mkwe,
aliyeshuka kutoka Ugenya na chupa mbili za samli
zimefungwa kwa kanga kama watoto pacha.
Mwaka wa njaa alichimba mizizi;
hadi leo huficha unga chini ya kitanda.
Kwake, shingo yenye mikunjo ni amani.
"Kula, mko wawili."
"Mama, huyu wa pili ni kama ndimu."
"Basi ndimu nayo ile."

Daftari, Jumanne:
chai ya maziwa, sukari vijiko vinne.
Nikafuta, nikaandika viwili.
Kisha nikaliona lile gorogoro, tako limebonyea.
Nikafuta viwili. Nikarudisha vinne.

Nikaanza kutembea,
Manyatta hadi Kondele, Kondele hadi Kibuye,
kabla jua halijashika mabati.
Ochillo wa boda alinifuata polepole siku tatu
akidhani nimekosa nauli.
"Panda tu, utalipa mwisho wa mwezi."
Mapaja yakasuguana, yakawaka moto.
Usiku nililia, nikayapaka mafuta ya mgando,
asubuhi nikafunga kamba za raba tena.
Wiki ya tano Min Odeny akanifuata nyuma
na uji kwenye chupa, akinung'unika,
eti ndimu isije ikazimia njiani.

Uchungu ulinikuta Kondele,
mbele ya kituo cha mafuta. Si utani.
Ochillo akampata abiria wake hatimaye.
Ndiyo maana msichana anaitwa Ayoo,
wa njiani.

Siku ya pili Sista akaja na koleo la plastiki,
akabana kangozi ka paja, akabana chini ya bega,
akaandika.
"Ni nini kilichomfanya hivi?" nikauliza.
"Ni miguu yangu, au ni samli ya bibi yake?"
"Mtoto mmoja hawezi kunijibu hilo," akasema.
"Nahitaji mamia."
Nikaelewa. Hakuna anayenunua gunia
kwa kuonja punje moja.

Sasa wateja wangu wanamchungulia mgongoni.
Huyu: "Mbona hana mashavu?"
Yule: "Mashavu yote haya!"
Wote wawili nawapimia sawasawa, mfuto.

Daftari limebaki kurasa tatu.
Jana Min Odeny alilivuta mezani,
akavaa miwani ya Odeny iliyokatika mkono.
"Niandikie na mimi. Leo: uji bila sukari,
kikombe kimoja."
"Vilikuwa viwili, Mama. Na sukari ilikuwemo."
Akatazama dirishani, kule njia inakopinda.
"Andika kimoja."

Nikaandika kimoja.