Njia ya Kurudi

Datsun ya mwaka sabini na tano, rangi ya haradali,
imeingizwa kinyumenyume bandani mwa kuni
kwa mjomba Urpo, Kemijärvi, mwezi wa pili.
Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Alhamisi ni ukaguzi. Leo Jumanne.

Nakanyaga breki. Taa ya kushoto
inafifia kama mtu aliyekumbushwa deni,
na indiketa ya upande uleule, ambayo hakuna aliyeigusa,
inajibu kwa niaba yake.
Nawasha indiketa: taa ya rivasi inakonyeza.
"Tena," anasema mjomba kutoka nyuma.
Nakanyaga.
"Tena."
Mguu si wangu tena, ni wake.

Tulianza na balbu, kama kila mtu.
Mpya mbili, kituo cha mafuta, na risiti tukatunza.
Tulibadili balbu, ugonjwa haukubadilika.
Tukaja kwenye fyuzi: zote nzima,
zimejipanga kama meno ya mtoto.
Tukang'oa zulia, tukaufuata waya wa kijani
kwa vidole, sentimita kwa sentimita,
hadi chini ya kiti cha abiria, tukakuta
sarafu ya marka, pesa iliyokufa kabla sijazaliwa,
gamba la mbegu ya alizeti
na pini ya nywele.

Mkaza mjomba, Lempi, yuko Göteborg
mwaka wa kumi na mmoja huu.
Mjomba aliitazama pini, akaitia mfukoni.
"Leta mita," akasema.

Mita ikasema kumi na mbili nukta moja, pale pale kwenye soketi.
"Basi umeme unafika," nikasema, nikijiona fundi.
"Kufika si kazi," akajibu. "Kazi ni kurudi."
Hayo yalikuwa maneno mengi, kwake.
Akapuliza vidole, akaendelea, na hilo likanishangaza zaidi:
umeme ukimaliza shughuli yake ndani ya balbu
hutaka kushuka kwenye bati, urudi kwenye betri.
Ukifungiwa mlango, haulali njiani.
Unabisha hodi kwa jirani.
Unapita chumbani kwa indiketa, sebuleni kwa rivasi,
na kila unapopita unawasha taa,
nusunusu, kwa aibu, kama anayetafuta viatu gizani
asiwaamshe wenyeji.

"Haikukosa umeme hii. Imekosa ardhi."

Akachukua kipande cha waya,
ncha moja kwenye kikombe cha taa,
nyingine kwenye bati aliloparuza kwa kisu.
"Kanyaga."

Sikuona taa. Niliona kioo cha ndani
kikijaa wekundu, na rundo zima la kuni
za mbetula, magome yake meupe, likiwaka bila moto.

Kilichobaki kilikuwa ubishi tu na boliti
iliyojificha nyuma ya gurudumu la akiba.
Chumvi wanayomwaga barabarani tusiteleze
ilikuwa imeila miaka yote hii, taratibu, kwa nia njema.
Spana namba kumi haikuonekana, haionekani kamwe,
tukatumia koleo na matusi.
Msasa, mpaka chuma kikang'aa kama sufuria ya mgeni.
Grisi kidogo. Kaza. Kaza tena.

Ndani ya kikombe cha taa msasa haukuingia.
Mjomba akapapasa mfukoni, akatoa ile pini,
akakwangua kutu kwa ncha yake, polepole,
ulimi nje kidogo, kama mwanafunzi wa hati.

Taa ya namba bado haiwaki.
"Hiyo kesho," akasema.

Tukarudisha zulia. Kabla hajaligandamiza,
akaifuta pini kwenye suruali,
akaiweka chini ya kiti, palepale,
kando ya marka,
akaniambia nizime gari, betri si ya jana.