Kigezo cha Saba

Paysandú, Julai, baridi inang'ata vidole.
Nélida Etchegoyen hajavua koti.
Kando ya kibodi, kibuyu chake cha majani ya moto
na mrija wa bati
(jina la kinywaji silitaji, kwetu lingekuchekesha).

Jumatatu ushirika wa maziwa unazindua mfumo mpya.
Mpya kwa sura. Hesabu ya malipo ya wafugaji
ingali chini kule, ndani ya hifadhidata,
katika utaratibu alioutunga Wáshington Pereyra
miaka kumi na tisa iliyopita,
akaufunga, akastaafu, akazikwa.
Mwongozo hakuacha.

Asubuhi nzima Nélida amebahatisha.
Vigezo vitano: kosa.
Sita: kosa,
kama anayebisha hodi
akitaja jina la mpangaji aliyehama.

Basi anaandika mistari minne ya msimbo.
Haiuamuru utaratibu ufanye kazi,
inauuliza tu:
wewe, huwa unapewa nini?
Kipi kinatangulia? Namba, tarehe, au maneno?
Kipi unapokea, kipi unarudisha?

Na hifadhidata, isiyojua kununa, inajibu:

    mfugaji, namba kamili
    siku, tarehe
    lita, desimali
    mafuta, desimali
    kuchelewa, namba kamili
    jumla, desimali, hii hutoka

na mkiani, peke yake,

    mvua, ndiyo au hapana

Mvua?
Malipo na mvua, wapi na wapi?

Anaufungua utaratibu wenyewe, anashuka nao
mpaka kwenye sharti moja fupi, halina hata maelezo:
mvua ikiwa ndiyo, faini ya kuchelewa ni sifuri.

Nélida anasukuma kiti nyuma.
Ile barabara ya Queguay, anaijua.
Lori la baba yake lilizama tope hadi ekseli,
madebe yakafika saa nne badala ya kumi na mbili,
na mwisho wa mwezi mzee alihesabu peso zake
mara mbili, mara tatu,
akasema, wamesahau kunikata.

Hawakusahau.

Irupé wa mizani ndiye anayemweleza, akicheka:
ah, Wáshington! Kila jioni alitoka uani
na tochi, akikagua magurudumu ya malori.
Sisi tulidhani anatafuta pancha.

Kwenye skrini mpya hakuna mahali pa mvua.
Waliochora skrini wanakaa Montevideo, kwenye lami.
Nélida anaongeza kisanduku kimoja kidogo.
Meneja anapita, anainama, anauliza
hicho nacho ni cha nini, nani kaagiza?

Kigezo, anasema. Kipo tangu zamani.

Saa kumi na moja jioni malori yanaingia.
Anachukua simu, anawasha taa yake,
anatoka nje na lile koti ambalo hakulivua.