Jozi Arobaini na Tatu

Siku waliponichagua kuwa mzee wa kanisa
nilivaa viatu vipya, ngozi ya ndama,
nilivifuata Gwangju kwa treni ya alfajiri.
Mpunga wa nusu ya bonde ulikobolewa kinuni kwangu,
na bahasha yangu ya sadaka, nisiseme uongo,
niliiandikia jina kwa wino mzito.
Kura sitini na moja. Nilizirudia kimoyomoyo
Mchungaji Seok akiwa bado anaomba.
Amina yangu ilichelewa.

Kwetu huingii kanisani na viatu.
Unaviacha barazani, pua zimeelekea ndani,
unapanda kwenye mbao, wewe na soksi zako na Mungu wako.
Ukitoka unavikuta vimegeuka:
pua zinatazama nje, visigino vinakungoja,
unatumbukiza mguu tu, unakwenda zako.
Miaka kumi na minane nilitumbukiza mguu.
Ungeniuliza, ningekuambia viatu hujigeuza,
kama umande unavyotua, hakuna aliyeutuma.

Ikaja Jumapili ya theluji.
Tulitangulia kutoka sisi wazee watano, makoti marefu,
tukakuta baraza kama soko lililovunjika:
viatu vya mpira vya Bibi Gong-rye vimejaa barafu,
watoto wanalia, mtu kakanyaga maji kwa soksi,
changu kimoja huku, kimoja kule, ulimi umeganda.
"Yu wapi Ok-bun?" mtu akauliza.
Ok-bun yupi?
Yule mjane muuza tofu, wakanijibu. Ana homa.
Na tofu yake nimeila miaka yote hiyo.

Kumbe alikuwa anakaa karibu na mlango,
wimbo wa mwisho ukianza anatoka,
anapiga magoti penye upepo,
anageuza jozi moja baada ya nyingine,
na vile vya vikongwe anavisogeza
kwenye jiko la makaa, vipate joto.
Wimbo wa mwisho hakuwahi kuumaliza.

Yohana wa nyikani alisema hastahili
kulegeza gidamu. Fungu hilo nimelisoma mimbarini
kwa hii sauti yangu nzuri,
nikidhani ni habari za Yohana.

Jumapili iliyofuata nikatoka kabla ya wimbo.
Magoti yalilia kama bawaba za ghala.
Jozi arobaini na tatu. Viatu vina siri:
hiki kimewekwa gazeti kuziba tundu,
hiki cha mtoto kimeshonwa kwa mshipi wa kuvulia,
na hivi vya Pyo, niliyembwaga kwenye kura,
kisigino kimeliwa chote upande mmoja.
Sikuwahi kujua kwamba anachechemea.
Na katikati ya kazi, Bwana anisamehe,
niliinua kichwa
kuangalia kama kuna anayeniona.

Hakukuwa na mtu. Ila Ok-bun,
amejifunga shali, hajapona sawasawa,
kasimama nje kwenye theluji, ananitazama.
Nikangoja sifa. Ndiyo, niliingoja.
"Mzee," akasema, "umechanganya vya mapacha.
Na hivyo vya mpira viondoe hapo motoni, vitayeyuka."
Akachuchumaa,
akanisukuma kidogo kwa kiwiko
ili tuenee wawili.