Kilemba cha Ukoka

Baba alitulipa senti kumi
kwa kila mzizi wa ukoka tuliong'oa katikati ya milozi,
mzizi mzima, alisema, si kipande,
kwa maana ukoka ukiuachia kidole
hurudi na mkono.
Mimi na dada yangu Odília tulijaza ndoo.
Tukanunua soda. Tukadhani tumeushinda.

Miaka arobaini baadaye nimelipa dola elfu nne na mia mbili
kwa lori la vipande vya ukoka,
na muuzaji akanitazama
kama mtu anayenunua viroboto.

Milozi ndiyo iliyoanza kusema.
Majani yaliungua ukingoni, kahawia,
kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa
ikaondolewa haraka.
Kisha udongo ukatoka jasho jeupe.
Mfereji mkuu ulikuwa mkavu mwaka wa tatu,
ikabaki pampu, na pampu ilileta
kumbukumbu ya bahari iliyolala chini ya bonde la San Joaquin
kabla hajazaliwa mtu wa kuiita bahari.
Nilitumbukiza kipimo: kumi na moja nukta nne.
Nikakipangusa kwa shati. Nikatumbukiza tena.
Kumi na moja nukta nne.

Tuliing'oa milozi mwezi wa Februari, ikiwa na maua.
Hilo sitalieleza.

Mama alitoka na fimbo yake,
akachota maji kwa kiganja, akayaonja
kama aonjavyo mchuzi wa chewa.
"Haya yanatosha kuchemshia viazi," akasema.
Kisha akanirudisha kisiwani, São Jorge, alikozaliwa:
mawimbi yakipasuka chini ya jabali,
upepo ukinyunyizia malisho,
ng'ombe wakilamba mawe,
na jibini lenye ukali ambao wanunuzi wa bara
waliuulizia siri yake.
"Siri!" Mama akacheka.
"Tulikuwa maskini karibu na maji."

Basi nikamwaga jasi, nikalima, nikapanda.
Nilijifunza kwamba maji mabaya hayagawiwi kwa uchoyo.
Ukiyatia kidogo kwa kuyaogopa, yanakausha na kuua.
Yatie mengi, mara chache, usiku,
yazame yakiisukuma chumvi chini ya mizizi
kama mtu anayeegemea mlango
ambao upande wa pili pia kuna mtu.

Garabed, jirani, alisimamisha gari.
"Unapanda gugu?"
"Napanda gugu."
Akacheka hadi akashika usukani.
Nyuma yake, shambani kwake, milozi ya safu ya kwanza
ilikuwa kahawia ukingoni.
Sikusema. Naye hakugeuka.

Juni mashine ilipita: marobota mia moja na sita.
Mama akaketi juu ya robota moja,
akasokota shada la ukoka mbichi
kama walivyowapamba ng'ombe kwao, siku ya maziwa ya bure,
sikukuu ya Roho Mtakatifu,
akamvika Boneca pembeni.
Husemwa kumvika mtu kilemba cha ukoka
ni kumsifu kwa uongo.
Boneca alisimama kidogo, mwenye fahari.
Kisha mwenzake akanyoosha shingo
akakila kile kilemba, uzi kwa uzi,
akaenda birikani, akanywa, akanywa,
akarudi kutafuta kingine.

Jioni naenda bwawa la chini, pembe ya mwisho,
ambako maji yaliyopita mizizini hujikusanya.
Kipimo: ishirini na tisa.
Chumvi haijaenda popote.
Tumeihamisha tu, kama ukoo uhamishavyo deni
kutoka jina la baba hadi jina la mwana.
Odília hupiga simu akiuliza, tutafanya nini bwawa likijaa?
Humwambia ng'ombe hawajambo.

Nasimama hapo mpaka mbu wanifukuze.
Ukingoni, hatua moja kutoka kwenye povu,
ukoka umenyoosha kidole.