Laini: Ndiyo. Gumu: Hapana

Saa nane na robo usiku, ingawa huku Svalbard
usiku ulianza Oktoba na bado haujamaliza,
nabisha mlango kwa mlango na tochi na orodha.
Saa tisa sikio kubwa la kilimani litaanza kusikiliza
miali iliyotoka kwao kabla jua letu halijapata moto.
Inatufikia imechoka kiasi kwamba
simu moja mfukoni mwa mpishi
ni ngoma ya harusi chumba cha jirani.

Ndiyo maana hatuna waifai. Tunaishi na nyaya,
tunajikwaa, tunazitukana, tunazoea.

Lakini leo grafu ina mwiba.
Mwembamba, kwenye gigahezi mbili nukta nne:
unachoma, unatulia, unachoma,
kama mtu aitaye jina kisha akangoja.
Ragnfrid hainui macho. "Ingeleiv, nenda kwa Eilif."

Eilif Haugtrø, fundi wa jenereta,
anafungua mlango akiwa na soksi mguu mmoja.
Kompyuta iko juu ya friji, feni inakohoa.
Ameitoa sandukuni jioni hii, anasema, atafute picha.
"Na blututhi sina. Tazama, alama yake haipo."
Kuficha kitasa si kufunga mlango, Eilif.

Nafungua dirisha jeusi. Kishale kinapepesa.
Naandika rfkill,
na mashine inawataja watoto wake:

waifai. Laini: ndiyo. Gumu: hapana.
blututhi. Laini: hapana. Gumu: hapana.

"Ndiyo na hapana za nini?"
Namweleza. Kufuli laini ni la maneno,
amri hulifunga, amri hulifungua.
Kufuli gumu ni la kidole, swichi ya ubavuni;
hilo likifungwa, andika mpaka kucha zing'oke,
mashine itakukodolea macho tu.
Anafikiri. "Nilioa mtu mwenye yote mawili."

Natazama inamwita nani.
Jina ni moja tu:
Hedifoni ya Gunnvor.

Friji inanguruma.
Gunnvor alikuwa akimenya viazi na hedifoni masikioni,
akitupigia kelele kwa kuwa hakujisikia.
Aprili ndege ilimpeleka hospitali, Tromsø,
zikining'inia shingoni.
Na tangu saa mbili jioni
kifaa hiki juu ya friji kinauliza: upo? upo?
na sikio lililojengwa kusikia ukingo wa ulimwengu
limekuwa likisikia hilo.

Nainua vidole. Siwezi.
Yeye anavuta stuli, anavaa miwani,
na kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi,
ananiacha nimsomee:

rfkill block bluetooth

Hakuna kitu. Mstari mpya, kishale kilekile.
"Imekataa?"
"Hii ikinyamaza imekubali."
"Basi huyo si Gunnvor," anasema, na anacheka,
kicheko kinamkwama mahali.

Simu ya waya ukutani inalia. Ragnfrid:
mwiba umekwisha, asante, rudi unywe kahawa.

Mlangoni ananishika mkono wa koti.
"Nikiizima nikaiwasha tena, itasahau?"
Haitasahau. Inaandika hali yake kwenye diski,
iliyofungwa huamka imefungwa.
"Na kuifungua?"
Nageuza orodha, naandika nyuma yake neno moja,
lilelile, na herufi mbili mbele.
Analitia kwenye kopo la kahawa, anafunika.

Kikao kilikwisha saa nne asubuhi, kama kuna asubuhi.
Grafu tambarare, safi kama shuka.
Saa nne na dakika sita, mwiba.
Unachoma, unatulia, unachoma.

Ragnfrid alinitazama.
Muda huo haukuwa wetu tena.
Niliendelea kumenya yai langu.