Nyumba ya Saa Nane Mchana

Mume wangu Chilongani huoka mikate usiku.
Hurudi alfajiri, unga umemkaa kwenye nyusi
kama mtu aliyezeekea njiani,
anakunywa chai, anavua viatu,
na jua la Dodoma linapoanza kazi yake
yeye ndiyo kwanza ameimaliza ya kwake.

Kwa hiyo nilipomwambia dalali
nataka kuona nyumba saa nane mchana,
alicheka. "Mama, na jua lote hili?
Wateja wangu huja jioni, vumbi likitulia."
Nikamwambia, jioni kila nyumba ni nzuri.

Ya kwanza Iyumbu, ghorofa ya tatu.
Lameck, dalali huyo, alihesabu kwa vidole:
masta, stoo, maji ndani, mlinzi getini,
majirani watu wa ofisi, hawana maneno.
Nilitandika khanga chumbani, nikalala chali.
Juu yetu mtoto alikuwa akidunda mpira,
du, du, du,
akipumzika, namsubiri aanze tena.
Kwenye ngazi, tangazo: Ni marufuku kutwanga.
Na mama mkwe je? Na mlenda wake
tutauanika wapi, kwenye vyuma vya ngazi?
Lakini sitasema uongo. Pale kibarazani
niliuona mji wote umejilaza chini yangu,
mabati yakimetameta hadi vilimani,
nikatamani, kwa dakika moja,
kuwa mwanamke asiye na kinu.

Ya pili Ilazo. Jamani, ile nyumba!
Dari la jipsamu limezungushwa kama keki ya harusi,
taa za bluu, taa za zambarau,
simba wawili wa saruji wanalinda geti.
Nilijiona nikiwapokea dada zangu kutoka Kondoa,
nikijifanya nimesahau kuwaonyesha jiko.
Nikatandika khanga.
Ng'ambo ya ukuta fundi akawasha grainda.
Chuma kililia mpaka meno yangu yakaitikia.
"Hufunga saa kumi na mbili," Lameck akasema.
Saa kumi na mbili mume wangu anafunga vifungo vya shati
aende kazini.
Wale simba hawakuwa na la kunisaidia.

Ya tatu Mkonze, na Lameck hakutaka kunipeleka.
"Ile ya zamani, mama. Haina mvuto."
Kweli haikuwa nao. Matofali ya kuchoma, plasta imebanduka,
dari la mbao, madirisha madogo
kana kwamba aliyejenga alikuwa bahili wa mwanga.
Bomba linatoa maji Jumanne na Ijumaa,
nayo yana chumvi; chai yake
unaizoea kama unavyomzoea shemeji.
Uani, mzabibu mmoja uliosahauliwa, umeng'ang'ania waya,
na kishimo kilichochimbwa na tako la kinu
cha mtu mwingine.
Nikatandika khanga kwenye saruji.
Nikasikia kuku. Nikasikia upepo ukipita juu ya bati
ukienda kwa wengine.
Nikaanza kupiga hesabu: mkopo wa saksosi,
tangi la lita elfu mbili, mifuko ya saruji, mifuko mingapi,
mifuko

Lameck aliniamsha saa kumi kasoro.
Shavu langu lina chapa ya sakafu,
na mlangoni mwenye nyumba na mkewe
wanatazamana.

Hapo bei ikapanda.
Nilijaribu. Nikataja chumvi, nikataja plasta,
nikaukunjia uso ule mzabibu.
Yule mama alinisikiliza kwa upole wote, kisha akasema,
"Lakini umelala, mwanangu."

Usingizi ule ulitugharimu milioni mbili.
Bado tunazilipa, na mama mkwe kila Jumanne
anayaonja maji na kunitazama.

Sasa hivi ni saa nane. Niko uani, nageuza mlenda mkekani,
nanyata, ingawa hakuna haja.
Kupitia dirisha lile bahili
naona mguu mmoja tu wa Chilongani,
unga kwenye kisigino,
haujatikisika tangu saa tatu.