Kizio cha Nane

Mwalimu Ngimbudzi alileta karatasi tatu zilizokunjwa,
akasema, "Baba Twilumba, mtoto huyu ana kichwa.
Mashindano ni Iringa, Jumamosi ya mwisho wa Juni.
Nyumbani nani atamsaidia?"
Nikatazama nyuma yangu,
labda kuna mtu mwingine mlangoni.

Mimi niliishia darasa la saba.
Nijuacho ni paini,
mbao mbili kwa nne, moja kwa nane, futi kumi na mbili,
na kutambua kwa mlio tu
kwamba meno ya msumeno yamechoka.

Lakini Twilumba alishaweka daftari juu ya kreti,
blanketi hadi masikioni,
ukungu wa Mafinga ukipita chini ya mlango bila hodi,
taa ya sola imebakiza saa mbili za uhai.
"Soma swali, Baba. Usinipe jibu."
Kama vile jibu ninalo mfukoni, pamoja na tumbaku!

Nikasoma neno kwa neno, kama mtu avukaye kijito kwa mawe:
gogo linakatwa vipande sita,
kila mkato dakika nne,
kazi yote dakika ngapi?
Akaandika ishirini na nne. Kalamu haikupumua.
Nikakohoa.
Nikatoka nje, nikarudi na ukuni na msumeno wa mkono,
nikakata palepale sakafuni,
mama yake akilalamikia unga wa mbao kwenye mboga.
Mara moja: viwili. Mara mbili: vitatu.
Cha mwisho hakikatwi, mwanangu.
Kinabaki.

Akafuta. Ishirini.
"Kumbe huko msituni mnafanya hesabu."

Wiki tatu tukaenda hivyo.
Matangi yanayojazwa huku yanavuja
(nani huyo asiyeziba tundu kwanza?),
treni mbili zinazokutana kwa dakika kamili.
Mimi nimewahi kungoja treni Makambako,
nikamwambia, swali hili limeandikwa na mgeni.
Usiku mmoja sehemu zilimliza.
Sehemu sizijui. Nilichemsha maziwa.

Kisha likaja la nchi ambayo watu wana vidole vinane.
Huko, baada ya saba, huandika moja na sifuri.
Mkono wangu wa kushoto ukaingia wenyewe chini ya blanketi
kama unavyofanya kanisani sadaka ikipita.
Viwili vilibaki kiwandani mwaka aliozaliwa;
fidia ikanunua bati kumi na nne,
hizi hizi zinazodondosha sakitu kila asubuhi.

Akauvuta mkono. Hakuuliza.
Akahesabu kwa ncha ya penseli,
moja, mbili, hadi saba,
na kile cha mwisho akakishika, akakikunja ndani ya kiganja chake.
"Moja na sifuri. Umetimia, Baba.
Kwa hesabu za huko umetimia."
Halafu, bila kunipa nafasi ya pua kulowa:
"Swali la tisa. Soma."

Iringa tulisimama nje ya uzio, wazazi kama arobaini,
kila mmoja akijifanya anaangalia simu.
Dirishani nilimwona mara moja,
mikono chini ya dawati,
vidole viwili vya kushoto amevikunja.

Akawa wa kumi na moja.

Ndani ya basi nikatafuta neno la kumpoza, nikalipata:
"Moja na moja. Kwa kizio chetu si hiyo ni tisa?"
Akageuka kutoka dirishani,
macho mekundu, makali kama ya mwalimu.
"Ni tisa ukidanganya.
Kumi na moja ya watu wote, kwetu ni moja na tatu.
Namba haibadilishwi kwa huruma, Baba."

Nikanyamaza.
Tukapita Ifunda.
Chini ya koti nilikuwa nahesabu upya,
toka gumba,
kuona kama kweli inafika moja na tatu.